Umeteguka kazini: mchuaji, fiziotherapia au mtu wa timu?

Saa nane usiku difenda ya polisi inapunguza mwendo kwenye moja ya barabara za Ngamiani, Tanga. Kijana wa doria anaruka kabla haijasimama, buti linatua nusu kwenye lami nusu kwenye ukingo wa mtaro, na kifundo cha mguu kinalala upande wa nje. Anamaliza zamu akichechemea. Alfajiri kule kota, mkewe analegeza kamba za buti mpaka tundu la mwisho ndipo mguu unatoka, umeumuka kama andazi.

Kabla ya saa tatu asubuhi ameshaonyeshwa njia tatu. Jirani anasema apelekwe kwa bibi anayechua. Mkewe anataka waende hospitali ya Bombo. Mwenzake wa timu ya kituo anamwambia, "Afande, usihangaike, nampigia yule jamaa anayetuwekea barafu uwanjani." Wote watatu wanamtakia heri, na kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepona kwa njia anayoisema.

Nimevaa sare kwa zaidi ya miaka ishirini, na kifundo changu cha kulia kimepita mikono yote mitatu. Nimeona kila mkono ukisaidia, na nimeona kila mkono ukiharibu. Naandika kwa ajili ya kijana huyo na mkewe, na pia kwa mkuu wa kituo ambaye kila akipanga zamu anakuta majina mawili matatu yako kwenye ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi.

Hao watatu ni akina nani

Mchuaji hahitaji maelezo kwa mtu wa Tanga. Ni bibi au mzee wa mtaani mwenye mafuta yake ya nazi au ya karafuu, aliyejifunza kwa mkubwa wake, na wengine wao huunga hata mifupa. Mtaalamu wa fiziotherapia ni mtu wa hospitali aliyesomea kurudisha nguvu na mwendo wa viungo. Wengi wa kwetu wamepitia masomo hayo hospitali ya KCMC, Moshi.

Huyu wa tatu ndiye anayehitaji kuelezwa. Marekani anaitwa "athletic trainer", na kazi yake ni taaluma kamili yenye leseni. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliwatambua rasmi kuwa kada ya afya. Walianzia kwenye timu za vyuo, kisha wakaingia jeshini, zima moto na polisi, kwa hoja kwamba askari naye anakula kwa mwili wake kama mchezaji, ila mechi yake haina ratiba. Wanafanya kazi chini ya daktari: wanazuia majeraha kabla hayajatokea, wanatoa huduma ya kwanza palepale, halafu wanamfuatilia majeruhi mpaka siku ya kurudi kazini. Kwetu kada hiyo haijazoeleka vituoni. Anayeikaribia ni yule unayemwona kwenye benchi la timu pale Mkwakwani, akikimbia na begi mchezaji akianguka. Watu humwita "daktari wa timu" hata kama si daktari. Mimi nitamwita mtu wa timu.

Vipimo ninavyotumia

Nimewapima kwa maswali manne. Siku ya kwanza, nani anaweza kutambua kama mfupa umevunjika? Wiki zinazofuata, nani anarudisha nguvu? Siku ya kurudi lindoni, nani anaupima mguu? Na mwisho, fedha, safari na karatasi. Nimefuata siku za jeraha kwa makusudi, kwa sababu mtu anayekufaa wiki ya tatu anaweza kukuumiza siku ya kwanza.

Siku ya kwanza

Hatari kubwa ya siku hii ni kuuchukulia mfupa uliovunjika kuwa kano iliyoteguka. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu nyumbani. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, sentimita 6 za chini, upande wa ndani na wa nje. Bonyeza pia mfupa uliotokeza ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo, na ule wa ubavu wa ndani juu ya upinde wa wayo. Kisha mtu ajaribu kutembea hatua nne. Kama mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa, au hatua nne zimemshinda, anahitaji eksirei. Kama vyote viwili havipo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kanuni hii ni ya mtu mzima mwenye akili timamu. Aliyelewa au aliyegongwa kichwa usimpime hivyo, mpeleke hospitali.

Kwa kipimo hiki mtu wa timu yuko juu, kwa sababu moja tu: yupo pale jeraha linapotokea. Ameona mguu ulivyolala. Anabonyeza mifupa kabla uvimbe haujaifunika, anafunga bandeji ya kuvuta, anauinua mguu juu ya begi, na kama barafu ipo anaizungushia kitambaa na kuiweka dakika 15 hadi 20. Barafu Tanga si shida, Deep Sea kwa wauza samaki utaipata. Ila uichukulie kuwa dawa ya maumivu, basi. Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza ushauri wa kupumzisha na kuweka barafu mwaka 1978, mwenyewe baadaye alisema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Na mtu wa timu hana eksirei, uzuri wake unaishia pale anapojua kusema "huyu apelekwe."

Fiziotherapia siku ya kwanza si mlango wako. Utaonana na daktari, utapigwa picha, na kama mfupa umevunjika utafungwa hogo, ile plasta ngumu. Ndiyo faida ya hospitali: ina macho ya kuona ndani. Usumbufu wake ni foleni, na usiku wa manane unaweza kukaa benchi muda mrefu huku mguu unapwita.

Kwa mchuaji lazima niseme kwa uwazi, maana ndiko tunakokimbilia. Siku mbili tatu za mwanzo mishipa midogo ya damu bado inavuja ndani. Kuchua kwa nguvu wakati huo kunaongeza damu na uvimbe. Paja lililopigwa kirungu au goti la mtu likichuliwa kwa nguvu, msuli wenyewe unaweza kuota mfupa ndani yake, na mtu akakosa kukunja mguu kwa miezi. Na shavu la mguu lililovimba na kuwa la moto baada ya kulala kitandani siku nyingi lisichuliwe na mtu yeyote, kwani huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, nayo ikiachia hukimbilia mapafuni.

Hata hivyo mchuaji aliyeniokoa alikuwa bibi wa Ngamiani. Nilipelekwa kwake nikiwa nimeegemea mabega ya wenzangu wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo."

Alichovya vidole kwenye mafuta, akapitisha dole gumba mara moja tu nyuma ya mfupa, akanitazama usoni. Kisha akafuta mikono kwenye upindo wa khanga yake. "Hapa siweki mkono. Hapa pana mfupa. Nenda kapigwe picha, ukirudi utanikuta." Picha ilionyesha ufa. Tangu siku hiyo, kipimo changu cha mchuaji ni kama anaweza kukataa fedha yako na kukuelekeza kwingine. Asiyewahi kumrudisha mtu, mimi simpelekei mguu wa askari wangu.

Nitoke kwenye viungo kidogo, kwa sababu jambo hili linaua. Wakati wa kaskazi, gwaride au mazoezi ya asubuhi yakivuka saa nne, kijana anaweza kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka, kupepesuka, na mwili kuwa wa moto kupita kiasi. Hicho si kizunguzungu cha njaa. Joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Wataalamu wa Marekani wanafundishana: poza kwanza, safirisha baadaye. Mtie kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi, au mmwagieni maji mfululizo huku mkimpepea, na gari liitwe wakati huohuo. Katika hili mchuaji na fiziotherapia hawana nafasi; anayeokoa ni aliyeko uwanjani na ndoo ya maji karibu.

Wiki zinazofuata

Uvimbe ukishuka mtu hudhani amepona. Kumbe kano iliyovutika imepoteza kitu ambacho hakionekani. Ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari ya mguu ulivyokaa, hata gizani, hata ndani ya buti. Ikiharibika, habari zinachelewa, na kifundo kinalala tena kabla misuli haijakizuia. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena kuliko mwenzake ambaye hajawahi.

Hapa mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mwenye fani. Wa kwangu aliniagiza nisimame kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, asubuhi na usiku. Wiki ya kwanza nilikuwa nashika ukuta kila baada ya sekunde nne. Wiki ya tatu nikaambiwa nifumbe macho. Wiki ya tano nikasimama juu ya mto uliokunjwa, huku mwanangu akinirushia mpira wa tenisi. Ukitazama utasema ni mchezo wa watoto, lakini ndilo zoezi lililonirudishia mguu wangu. Tatizo la njia hii liko kwetu sisi: maumivu yakiisha tunaacha kwenda.

Mtu wa timu anaweza kufanya karibu kazi hiyohiyo, tena kila siku, kwa sababu mnaonana uwanjani. Ila muulize amesomea wapi. Niliwahi kuwa chini ya mmoja ambaye dawa yake ya kila jeraha ilikuwa kukimbia mizunguko kumi "ili msuli uzoee." Aliyesomea atakuongezea mzigo kidogo kidogo, na atakuuliza kesho yake mguu umeamkaje.

Mchuaji sasa zamu yake imefika. Mgongo wa dereva aliyekaa kwenye difenda kwa muda wa saa nane na mkanda wenye pingu, kirungu na silaha ukimkandamiza kiuno. Mapaja ya trafiki aliyesimama juani tangu asubuhi. Shavu la mguu lililokakamaa baada ya hogo kufunguliwa na daktari kuridhika. Mikono ya mchuaji mzuri inalegeza, usingizi unakuja, na nafuu hiyo ni ya kweli. Isipokuwa kuchuliwa hakujengi nguvu. Ukilegezwa Jumamosi na usifanye zoezi lolote, Jumatano utakuwa umerudi ulipokuwa.

Kurudi lindoni

Nilipewa ED ya siku 14. Siku ya 15 jina langu lilikuwa kwenye lindo, na mimi nikaenda, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha na maumivu yalikuwa yamepungua. Hakuna aliyeniambia nivue buti, wala aliyeniambia nirukeruke kwa mguu mmoja. Wiki ya tatu nilimkimbiza kijana mmoja kichochoroni, akakata kona, na mimi nikajaribu kukata kona. Kifundo kilekile, upande uleule, na safari hii nikakaa nje miezi miwili.

Ndipo nilipoelewa kwamba karatasi inahesabu siku, wakati kazi yetu inataka mguu ufanye mambo fulani. Kabla ya kurudi, askari aweze kuruka kwa mguu ulioumia mara kumi bila kuogopa, na aruke karibu sawa na mguu mzima. Akimbie, asimame ghafla, akate kona kushoto na kulia. Apande na kushuka ngazi mbiombio. Mwisho ashuke kutoka nyuma ya difenda iliyosimama, akiwa na buti na mkanda wenye vifaa vyake vyote, kwa sababu mguu unaoweza kukimbia kwa raba haujajaribiwa kwa kazi.

Kipimo hiki ndicho uwanja wa mtu wa timu aliyesomea. Ndiyo sababu wenzetu wa Marekani wanamweka karibu na kikosi. Anaijua kazi yako, anakuona ukijaribu, na anaweza kumwambia mkuu wako, "Huyu apewe mapokezi wiki mbili, doria bado." Mtaalamu wa fiziotherapia naye anaweza, lakini umsaidie. Ukimwambia "mimi ni askari" hajapata picha. Mwambie unaruka kutoka kwenye gari usiku, unabeba silaha, unasimama kwa muda wa saa 12. Atabadilisha mazoezi. Mchuaji hili haliwezi, wala haliko kwenye fani yake. Akikwambia "umepona" anamaanisha uvimbe umeshuka na mshipa umelainika.

Goti ni habari nyingine. Kano ya mbele ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, kurudi kwenye kazi ya kukimbia na kukata kona kwa kawaida kunataka miezi 9 au zaidi, na hakuna kati ya watatu hawa anayepaswa kukuahidi pungufu.

Fedha, safari na karatasi

Mchuaji ni wa karibu na bei yake mnaelewana. Fiziotherapia gharama yake ni ya mahudhurio, na kwa anayetoka Horohoro au Pangani nauli ya mara mbili kwa wiki inaweza kuzidi tiba yenyewe. Omba uandikiwe mazoezi ya nyumbani na urudi kila baada ya wiki mbili. Ikifika kwenye upasuaji mkubwa, safari ni Moshi KCMC au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 300 kokote uelekeako. Mtu wa timu mara nyingi hulipwa na timu au hapewi kitu, na akiwa hapewi kitu usishangae siku asipotokea.

Karatasi ndiyo tunayoisahau. Ukiumia kazini taarifa iandikwe siku hiyohiyo. Kila siku tunawaandikia raia PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, halafu wenyewe tukipigwa jiwe tunakwenda kuchuliwa kimya kimya. Miaka mitano baadaye goti likikataa, huna ushahidi kwamba liliumia ukiwa na sare. Hospitali inaacha kumbukumbu. Mtu wa timu anaweza kuacha daftari. Mchuaji haachi kitu. Kwa upande wake, sheria ya mwaka 2002 iliweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, kwa hiyo kumuuliza mtu kuhusu usajili wake si kumvunjia heshima.

Kwa hali yako

Kama mfupa unauma ukibonyezwa, hatua nne zimekushinda, mguu umepinda, au vidole vina ganzi na ubaridi, nenda hospitali usiku huohuo. Mchuaji na mtu wa timu wasubiri.

Kama umeteguka na vipimo vya mfupa ni salama, bandeji, mguu juu, na kuanza kuukanyaga taratibu kadiri unavyovumilia. Wiki ya kwanza tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya kusimama. Ukiwa na mtu wa timu anayeaminika, fanya naye mazoezi hayo. Ukitaka kuchuliwa shavu la mguu baada ya uvimbe kwisha, chuliwa. Kama ni mara ya tatu kifundo hicho kinateguka, fiziotherapia usiikwepe tena, na ukirudi doria kifungwe au kivishwe kishikizo.

Ukiwa dereva au trafiki mwenye mgongo wa siku nyingi, mchuaji na fiziotherapia wanaweza kwenda pamoja, huyu kwa nafuu, huyu kwa nguvu. Lakini ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kijana anayejiandaa kwenda mafunzo ya ukuruta shule ya polisi Moshi, muundi wako ukianza kuuma kwa kukimbia, punguza mbio kisha uongeze polepole, na buti jipya lizoee mguu kabla ya kwenda. Hapo mtu wa timu anakutosha. Maumivu yakikaa nukta moja ya mfupa na kukuamsha usiku, kapige picha.

Wewe unayemeza diklofenaki ili uende lindo, ujue unaficha habari ambazo mguu unajaribu kukupa, na tumbo na figo zako zinalipia.

Na mkuu wa kituo: huhitaji kusubiri kada mpya. Mchague askari mmoja anayependa mazoezi, mpeleke akajifunze huduma ya kwanza ipasavyo, na umpe ruhusa ya kusema "huyu bado" bila kuogopa cheo cha mtu. Kabla ya bonanza pale viwanja vya Tangamano, vijana wapashe mwili kwa ule mpango wa FIFA wa mwaka 2006 uitwao 11+. Ni dakika 20, hauhitaji kifaa cha ghali, na umethibitika kupunguza majeraha ya miguu. Kisha nunua daftari. Liandikwe nani kaumia, lini, akifanya nini, na alirudi siku gani. Baada ya miezi mitatu utaona kama vifundo vinaumia kwenye doria za usiku au kwenye mpira wa Jumamosi, na utajua uanze na lipi.